Tweka Mpaka Kilindini: Mwongozo kwa Mkristo Aliyebweteka

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza zikipishana kwa siku chache tu. Jioni moja ya wiki ile bibi jirani yangu, mkulima wa mwani huku mashariki ya Unguja tunakoishi, aliniletea sahani ya tambi za sukari wakati wa kufuturu, kama afanyavyo kila mwaka. Nikapokea, nikashukuru. Akasimama kidogo mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, nasikia na nyinyi mmo kwenye mfungo wenu. Mbona sikuoni ukifunga?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa kwaya tangu usichana wangu. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, ndoa yangu imefungwa kanisani na sadaka natoa. Lakini swali lile lilinikuta mtupu. Kwaresma nyingi zilikuwa zimepita juu yangu kama maji juu ya jiwe, na mwenyewe nilikuwa sijui.

Mwongozo huu umetokana na miezi iliyofuata. Nimeuandika kwa ajili ya Mkristo ambaye hajaasi, hajaacha kanisa, wala hana kashfa yoyote. Amekaa tu. Ukiwa ndiye, chukua daftari na kalamu, maana utaandika.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe

Kubweteka si kuridhika. Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, akishiba au akiona njaa. Lakini ukurasa mmoja tu kabla ya hapo, katika waraka uleule, anasema hajidhanii kwamba amekwisha kushika, "nikiyachuchumilia yaliyo mbele". Aliridhika na alivyokuwa navyo, hakuridhika na alivyokuwa mwenyewe. Sisi wengi tumevigeuza. Juu ya mshahara, nyumba na simu hatuna radhi hata siku moja, ila juu ya nafsi zetu tumeridhika kabisa.

Na neno lile, kuchuchumilia, litazame vizuri. Aliyewahi kuona watu wakichuma karafuu Pemba analijua kwa macho. Mchumaji amesimama kwa ncha za vidole, mkono mmoja umeshika ngoe iliyovuta tawi, mwingine unanyooka kufuata kikonyo kilicho mbali kidogo kuliko urefu wake. Mwili mzima umeelekea huko. Hivyo ndivyo Paulo, mtume mzee aliyefungwa gerezani, alivyojieleza.

Kwetu visiwani ugonjwa huu una sura yake ya pekee, na naomba unisikilize hapa kwa makini. Wakristo tu wachache sana Unguja na Pemba. Mtu akiwa katika wachache hujulikana kwa tofauti yake: jina lake, mavazi yake, siku anayokwenda ibadani. Ile tofauti huanza kufanya kazi ambayo imani ndiyo ingepaswa kuifanya. Unajiona Mkristo kwa kuwa majirani si Wakristo. Kanisa linakuwa mahali pa kukutana na watu wa kwenu, kusikia lahaja ya kwenu, kula ugali baada ya ibada. Vyote hivyo ni vizuri, nami navipenda. Ila mtu anaweza kukaa humo miaka ishirini asisogee hata hatua moja kumwelekea Kristo, na hakuna atakayegundua, kwa sababu tofauti yake na jirani bado ipo palepale.

Yesu aliliambia kanisa la Laodikia kwamba lina uvuguvugu. Mji ule ulikuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Jirani yake, Hierapoli, palikuwa na chemchemi za maji ya moto, na Kolosai upande mwingine palikuwa na maji baridi ya kunywa. Tetemeko la mwaka 60 lilipouangusha, wenyeji waliujenga tena kwa mali yao bila kuomba msaada wa Rumi. Ndiyo maana maneno wanayowekewa kinywani katika Ufunuo 3:17 yanawafaa mno: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Dalili kubwa ya kubweteka ni hiyo, kutokuwa na haja. Lini mara ya mwisho ulimwomba Mungu jambo kuhusu tabia yako, si kuhusu ada, kazi au afya?

Hatua ya kwanza: teremsha bildi

Manahodha wa majahazi walikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, wakikitupa majini kujua kina. Hawakukisia. Tenga saa moja, peke yako, simu ukiiweka mbali, ujibu kwa maandishi maswali haya:

Ni dhambi gani iliyokuwa ikinitawala miaka mitatu iliyopita na leo imelegea? Itaje kwa jina. Kama huna hata moja ya kuitaja, andika hivyo hivyo.

Ni lini Neno la Mungu liliwahi kunigombeza nikabadilisha kitu? Kulia katika mahubiri hakuhesabiki. Nauliza ulichobadilisha.

Sala yangu ya leo ina tofauti gani na niliyofundishwa utotoni?

Nani anaishi vizuri zaidi kwa sababu mimi ni Mkristo? Andika majina.

Ni mtu gani sisemi naye?

Usijibu kama mtu aliye mbele ya mchungaji. Jibu kama aliye mbele ya daktari. Mimi swali la nne nilipata jina moja, la tano nikapata matatu. Usiku ule nilijua nimesimama wapi: maji yalikuwa yakinifika vifundoni.

Hatua ya pili: rudi ulikoanguka

Kwa kanisa la Efeso lililouacha upendo wake wa kwanza, Bwana anatoa vitenzi vitatu katika Ufunuo 2:5, navyo vina mpangilio: kumbuka, tubu, ukayafanye matendo ya kwanza. Wengi tunaruka cha kwanza. Tunatubu kwa jumla, "Bwana unisamehe makosa yangu yote", na toba ya jumla huzaa badiliko la jumla, yaani hakuna.

Kumbuka kwa mwaka na mahali. Ulikuwa ukifanya nini wakati imani yako ilipokuwa hai? Mimi nilikuwa nikiamka kabla ya wenzangu bwenini na kusoma Zaburi kwa kurunzi. Niliacha lini? Nilipopata kazi ya zamu hotelini. Sikuacha kwa uasi, niliacha kwa usingizi. Kulijua hilo kulinisaidia kuliko machozi.

Ukiwa Unguja, nakushauri hatua hii uifanye kwa miguu. Nenda Mkunazini siku ya kazi, wakati hakuna ibada. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi huku akiendelea na kazi yake ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Watalii huoneshwa altare, mahali panapotajwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapiwa watumwa. Wewe kaa kwenye benchi ufikirie watu wawili.

Wa kwanza ni John Swedi, aliyekuwa mmoja wa watoto watano waliookolewa utumwani wakakabidhiwa misheni ya Kianglikana mwaka 1864. Mwaka 1879 akawekwa wakfu kuwa shemasi. Wa pili ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akalelewa hapa Unguja. Alipata upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akaenda kuhudumu Chitangali, kusini ya bara, miongoni mwa watu wake. Hebu fikiri: mtoto aliyetolewa kwao kwa kamba akarudi kwao na Injili kwa hiari yake. Angeweza kukaa mjini. Alikuwa na elimu, alikuwa na heshima, na mtu yeyote angemwambia amekwisha kufika.

Nasema haya kwa sababu historia nayo hubwetesha. Tunawaonesha wageni kanisa letu kwa fahari, kana kwamba imani ya Majaliwa imehamia kwetu kwa kuta. Toka pale ukiwa umeandika sentensi moja: "Niliacha ______ mwaka ______ kwa sababu ______." Isome kwa sauti mbele za Mungu. Hiyo ndiyo toba yako ya leo.

Hatua ya tatu: neno moja tu

Katika Wafilipi 3:13 Paulo anasema "natenda neno moja tu". Hapa ndipo wenye bidii wanapoanguka, nami nimeanguka mara nyingi. Mtu akizinduka hutaka kufunga Jumatano na Ijumaa, kukesha, kusoma Biblia nzima, kuacha sukari na kusamehe ukoo mzima kwa wiki moja. Wiki ya tatu yuko palepale, na safari hii ana aibu juu.

Chagua jambo moja kwa siku arobaini. Kama hujui uchague lipi, fungua 2 Petro 1:5-7, ambapo mtume anatupangia: imani, wema, maarifa, kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, upendo. Omba, kisha uyasome majibu yako ya hatua ya kwanza, uone ni lipi linalokosekana waziwazi zaidi. Halafu ligeuze liwe tendo linaloonekana. "Niwe na kiasi" halishikiki. "Sitashika simu baada ya saa tatu usiku" linashikika. "Niwe na upendo" ni maneno matupu, ila "kila Jumamosi nitampigia dada yangu tuliyekosana" ni kazi.

Hatua ya nne: saa na mahali

Nilipouliza nafsi yangu nitasali saa ngapi, jibu lilikuwa likinijia kila siku bila kuombwa. Adhana ya alfajiri ya msikiti wetu hunizindua. Miaka yote nilikuwa nageuka ubavu wa pili, huku nikisikia ndara za bibi jirani zikipita uani kwenda kutia udhu. Sasa nami naamka. Yeye anasali kwake, mimi kwangu. Sioni haya kusema kwamba uaminifu wake ndio ulionifundisha saa.

Wewe tafuta saa yako. Anayefanya kazi ya zamu afungamanishe sala na zamu, si na saa ya ukutani: kabla ya kuvaa sare, iwe asubuhi au usiku. Dakika ishirini zinatosha kuanzia: tano za kunyamaza, kumi za kusoma, tano za kuomba. Pachague mahali pamoja, hata kama ni mkeka pembeni mwa kitanda, na kila kitu kiwe pale tangu usiku.

Kuhusu kusoma, hii ndiyo ratiba niliyoifuata, sura moja kwa siku, nayo inatimia siku arobaini kamili: Marko (16), Wafilipi (4), Yakobo (5), 1 Petro (5), 2 Petro (3), 1 Yohana (5), Yuda (1) na Filemoni (1). Soma kwa sauti. Kiswahili cha Biblia yetu kinataka kusikiwa, na ulimi hauwezi kukimbia kama macho yanavyokimbia. Kisha andika mistari miwili: nini kimenigusa, na leo nitafanya nini. Ukikosa siku, usirudie mbili kesho. Endelea tu na sura inayofuata siku uliyokosa.

Hatua ya tano: mtu wa kukuuliza

Hii ndiyo watu wengi wataikwepa, na kwa maoni yangu bila hii nyingine zote hufa. Waebrania 3:13 inataka tuonyane kila siku, mtu asifanywe mgumu kwa udanganyifu wa dhambi. Aliyedanganyika hajijui, ndiyo maana anahitaji macho ya pili.

Mtafute mtu mmoja. Awe wa jinsia yako, asiwe bosi wako wala anayekudai, na awe mtu anayeweza kukaa na siri. Hapa visiwani siri ni jambo zito, maana kanisa ni dogo na kila mtu ana shangazi yake kwaya ya pili. Kama unaogopa, anza na mtu wa usharika mwingine. Mimi nilimwendea mama mmoja mtu mzima, nikamwambia: "Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba unisumbue." Akasema, "Marahaba mwanangu, kukusumbua vipi?" Nikamweleza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema hata yeye hajawahi kuulizwa na mtu habari za moyo wake tangu alipofiwa na mumewe.

Tunakutana nusu saa kwa wiki, chai juu ya jiko. Tunaulizana: Neno lako moja umelishika? Wapi umeshindwa? Umedanganya chochote katika kunijibu? Nikuombee nini? Hatushauriani sana. Tunaomba, tunaondoka. Ole wenu mkigeuza kikao kuwa cha kuwasema wengine. Mkiona kimeelekea huko, mmoja aseme "tuombe" na iishe.

Hatua ya sita: toka ufukweni

Siku moja nilimkuta bibi jirani akifunga vishada vya mwani kwenye kamba, nikamwuliza kwa nini wenzake wengine wanakwenda mbali kwa mashua. Akanieleza kwamba kuna aina mbili. Ile inayolipa zaidi, wanayoiita kotonii, ilikuwa ikilimwa hapohapo pwani maji yalipokupwa. Ulimaji wa mwani ulianza visiwani mwaka 1989, nao wanawake ndio wakulima wengi. Lakini maji ya pwani yamezidi kupata joto, na kotonii haiwezi maji ya joto yasiyo na kina: hugeuka nyeupe, hukatika, hufa. Wanaoitaka bado inawabidi waende kwenye kina, na huko hutembei. Kuna wanawake watu wazima waliojifunza kuogelea kwa ajili hiyo.

Nilirudi nyumbani nikafungua Luka 5:4: "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki." Maji ya vuguvugu na kina kifupi, mambo yaleyale mawili.

Kwa hiyo katikati ya siku arobaini, tuseme kuanzia ya kumi na tano, ongeza tendo moja la huduma ambalo hulijui na linalokutia hofu kidogo. Kama umeimba miaka kumi, usiongeze kwaya ya pili, huko umeshazoea. Fundisha watoto wa Jumapili. Nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja na chakula kwa mgonjwa asiye na ndugu mjini, ukiuliza kwanza wauguzi taratibu zao. Ukiwa Pemba kwenye usharika wa watu wachache, hutahitaji kutafuta: kila nafasi iko wazi na wewe ndiye unayesubiriwa. Na yale majina ya swali la tano, anza na lililo jepesi. Mimi nilianza kwa ujumbe wa simu, nikaona ni uoga, nikapanda daladala.

Usichanganye kubweteka na maji mafu

Wakulima wa mwani hufanya kazi zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Ukifika wakati wa maji mafu, bahari haitoki sana, na hakuna anayejilaumu.

Roho nayo ina maji mafu. Aliyefiwa, aliyejifungua juzi, aliyefanya kazi hotelini siku sita mfululizo msimu wa wageni, huyo hajabweteka. Amechoka. Eliya alipojilaza chini ya mti akiomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ampe tena. Ukijiona hivyo, lala, kula, omba sala fupi, na mweleze yule mtu wako. Namna ya kutofautisha ni hii: aliyechoka anaumia kwamba hawezi kusali. Aliyebweteka haumii. Na kama giza limekaa wiki nyingi, usingizi umekimbia na kuishi kumekuwa kuzito, mwone daktari pia.

Hatua ya saba: siku ya arobaini na moja

Usijipime kwa siku ulizokosa. Paulo anamwambia Timotheo ayakazanie hayo ili kuendelea kwake kuwe dhahiri kwa watu wote (1 Timotheo 4:15). Basi waulize watu. Chagua wawili wanaoishi nawe, uwaulize: "Kuna kitu chochote kimebadilika kwangu?" Kisha nyamaza. Usijitetee wala usiwasaidie kujibu. Andika wanachosema kama walivyosema, ndipo uchague neno lingine la siku arobaini.

Nilimwuliza mume wangu, akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Akasema, "Siku hizi ukikosea unasema umekosea." Nikaandika. Halafu akaongeza la pili, juu ya namna ninavyowajibu watoto nikirudi kazini. Hilo nililiandika juu ya ukurasa mpya, na tarehe, na ndilo ninalolifanyia kazi sasa.